Prado ya mkononi, milioni nne na njia za Dodoma: usianze na kuinua gari

Swali limetoka kwa dada mmoja afisa ugani, anaishi Nkuhungu hapa Dodoma. Nalifupisha: "Shikamoo kaka. Nimenunua Prado ya 1998 mkononi kwa mtu, dizeli 1KZ, otomatiki, dashibodi inasoma kilomita 248,000. Kazi yangu ni vijiji vya Chemba, nina shamba la mpunga Bahi, na likizo nataka niwe naenda Kondoa na porini kwingine. Nina milioni nne. Nataka niinue inchi 4, nifunge tairi za 33, snokeli, bampa la chuma na kerea juu. Fundi wangu anasema kwanza atoe thermostati maana Dodoma joto. Mimi kwenye magari sijui kitu, nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa gari. Hiyo Prado ya miaka ya tisini chasisi yake ngumu, spea zipo, na mafundi wengi hapa mjini washaifungua. Ila naomba unisikilize kabla hujampa mtu hata shilingi. Pesa ya kwanza yote ipeleke kwenye mfumo wa maji na miguu ya mbele, inchi 4 na tairi za 33 weka pembeni kabisa, na fundi mwambie thermostati, ile valvu inayofungua na kufunga njia ya maji kwenda rejeta, asiiguse. Ntakueleza sababu, ni ndefu ila soma yote maana hivi vitu vimeshikana, ukiongeza kimoja kingine ndo kinalipa deni.

Tuanze na joto. Injini ya 1KZ bloku yake ni chuma cha kutupwa alafu hedi, kile kipande kinachofunika silinda kwa juu, ni aluminiamu. Aluminiamu ikipata moto inatanuka kuliko chuma, kwaiyo gari ikichemsha vibaya hata mara moja tu hedi inaweza kupinda au kupasuka zile sehemu nyembamba katikati ya valvu, na hapo hiyo milioni nne unaweza kuimaliza yote kwenye hedi peke yake. Huu ndo ugonjwa unaojulikana wa hii injini kila nchi ilipoenda. Sio injini mbovu, mtu akiitunza maji inatembea miaka na miaka bila kufunguliwa, ila kwenye kuchemsha haina msamaha. Na kibaya zaidi mshale wa temperecha kwenye dashibodi umetengenezwa utulie katikati, joto likipanda au likishuka kwenye eneo pana tu wenyewe umekaa palepale, siku ukiuona unapanda kweli ujue injini ishachemka muda sana. Madereva wengi walioua hedi za hizi gari watakwambia "mshale ulikua katikati kabisa", na wanasema kweli.

Kwaiyo kitu cha kwanza kabisa cha kuongeza kwenye gari yako ni geji ya joto ya pembeni yenye alamu, ile ambayo sensa yake inafungwa na bolti kwenye chuma chenyewe cha hedi. Nasisitiza kwenye chuma, maana sensa inayokaa ndani ya maji, maji yakimwagika yote inabaki inapima hewa na inakudanganya, ila ya kwenye chuma inapiga kelele hata kama hamna tone. Ukishaifunga endesha wiki mbili hivi uijue gari yako, kwenye lami ikitulia inasoma ngapi, ukipanda mlima inafika ngapi, alafu seti alamu ipige juu kidogo ya hapo. Siku ikipiga unazima AC, unapunguza mwendo, unatafuta pa kusimama, unaiacha injini inazunguka taratibu kama bado ina maji, na mfuniko wa rejeta huugusi mpaka ipoe kabisa. Nimeona mikono iliyoungua kwa huo mfuniko, tafadhali sana.

Thermostati sasa. Najua fundi wako anakutakia mema na hilo wazo limeenea sana, joto linaonekana kali basi tutoe kizuizi maji yatembee. Lakini kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake, nyuzi 80 na kitu hivi, na kuishikilia hapo. Ukiitoa, asubuhi na kwenye lami ndefu injini inakua baridi muda mwingi, inakula mafuta, oili inachelewa kufika moto wake na vyuma vinalika. Alafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui, thermostati nyingi za Toyota zina kisahani kingine upande wa chini, zikifunguka kile kisahani kinaziba njia ya mkato ili maji yote yalazimike kupita kwenye rejeta. Ukiitoa ile njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto inazunguka tu ndani ya injini bila kupoa, na gari inachemsha pale pale unapoihitaji, yani kwenye mlima na mzigo. Kama gari inachemsha ikiwa na thermostati basi kuna kitu kingine kinaumwa, kitafutwe hicho. Nunua mpya ya OG ifungwe, sio kitu cha bei kubwa.

Kabla hata ya hapo fanya kipimo hiki mwenyewe, hakihitaji fundi. Asubuhi gari ikiwa imelala usiku kucha, binya lile hosi kubwa la juu la rejeta kwa mkono. Likiwa gumu limejaa presha wakati injini ni baridi, hiyo ni dalili mbaya. Fungua mfuniko, maji yawe yamejaa mpaka juu, alafu mwambie mtu awashe uangalie. Mapovu ya kwanza kwanza sio tatizo ni hewa tu, ila yakiendelea kutoka bila kuisha au maji yakarushwa nje, gesi ya moshi inaingia kwenye maji, kwaiyo gasketi au hedi ishaanza. Kuna dawa ya kupimia, ya bluu, inawekwa kwenye kichupa juu ya mdomo wa rejeta, ikigeuka kuwa kijani au njano basi jibu limepatikana. Kipimo kikionyesha hivo simama hapohapo usinunue kitu kingine chochote, pesa yote inaenda kwenye hedi.

Kikiwa kizuri, tunasafisha. Rejeta itolewe ioshwe ndani na nje. Nje watu wanasahau kabisa, katikati ya rejeta ya AC na rejeta ya maji kunajaa vumbi, mbegu za nyasi na wadudu, na kwa wewe unaeshinda njia za vumbi za Chemba hapo patakua pamejaa kweli. Maji ya kuoshea yatokee upande wa injini kwenda mbele, usipige presha kubwa zile fini, vile vibati vyembamba vya rejeta, zitalala. Kwa ndani adui yako ni maji yetu, mtu wa Dodoma nisimweleze habari ya maji ya chumvi, angalia tu sufuria au birika lako lilivyoota ukoko mweupe. Ukoko huohuo ndo unaziba mirija ya rejeta ikijazwa maji ya bomba au kisima kila siku. Weka kulanti nyekundu ya Toyota au inayofanana nayo, nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini, yale yanayouzwa kuongezea betri, na hakikisha dukani hawakupi yale yenye asidi. Au nunua iliyochanganywa tayari, rahisi zaidi. Kulanti sio mapambo, inapandisha kiwango cha maji kuchemka na inazuia kutu kwenye hiyo hedi ya aluminiamu. Na mfuniko wa rejeta badilisha, ukilegea presha haishiki na maji yanachemka mapema.

Bado feni. Kwenye hii injini feni kubwa inazungushwa kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni ndani, miaka inavyoenda yanapungua na feni inazunguka kivivu. Dalili yake ni kwamba kwenye lami mwendo wa 80 gari haina shida kabisa, ila ukiingia mchanga taratibu au ukipanda kilima saa nane mchana na AC, joto linapanda. Injini ikiwa ya moto na IMEZIMWA jaribu kuizungusha feni kwa mkono, inatakiwa ikatae katae, ikijizungukia yenyewe kama ya dari basi imekufa. Inajazwa silikoni mpya au inabadilishwa.

Na kwa kua yako ni otomatiki, mafuta ya giaboksi nayo yanapita kwenye rejeta hiyohiyo kwenda kupozwa. Kipozeo hicho kikitoboka kwa ndani maji na mafuta ya gia vinachanganyika na giaboksi inakufa. Vuta kijiti cha mafuta ya gia uangalie, yawe mekundu na safi. Yakiwa na rangi ya maziwa ya pinki usiendeshe. Yakiwa meusi yananuka kuungua yabadilishwe kwa aina ya Dexron iliyoandikwa kwenye kitabu, sio ya CVT wala chochote kilichobaki kwenye dumu la gereji. Ukiwa na mzigo kilimani au kwenye mchanga bonyeza kile kitufe cha O/D pembeni ya gia, taa ya O/D OFF iwake, giaboksi inaacha kuhangaika kubadili gia na haipati moto sana.

Sasa miguu, na hapa naongelea maisha yako sio gari. Prado ya aina hiyo boljointi ya chini ya mbele, kile kiungo cha duara kinachoshika mguu wa tairi kwenye mkono wake, imekaa kwa namna ambayo uzito wa gari unaivuta itoke kwenye kikombe chake, haiikandamizi iingie. Magari mengine ikilika inagonga tu na kupiga kelele, hii ikilika kupita kiasi inachomoka, tairi inalala nje na gari inakaa chini na ubavu. Mara nyingi inatokea mtu anakata kona taratibu, ila hamna kinachozuia isitokee ukiwa mwendo mkali barabara ya Kondoa. Kwenye gari ya 1998 uliyonunua mkononi bila historia, mimi sisemi pima, nasema badilisha zote mbili za chini, na bolti zake ziwe mpya, na zifungwe kwa torki sio kwa kukisia. Nunua za Toyota au 555 ya Japani, ila 555 feki zipo nyingi kwaiyo nenda duka la mtu anaejulikana, boljointi ya bei ya ajabu ikatae. Baada ya hapo kila sevisi fundi aweke jeki chini ya mkono wa chini, aingize bomba chini ya tairi anyanyue, na mtu mwingine aangalie kama boljointi inacheza. Raba yake ikichanika tu, hata kama haichezi, grisi inatoka mchanga unaingia, badilisha.

Akiwa hukohuko chini aangalie tairodi, bushi za mikono, bushi za sitelingi reki, na raba za driveshafti za mbele. Aangalie chasisi kwa nyuma pia, baadhi ya gari zinatoka sehemu za Japani zenye theluji wanakomwaga chumvi barabarani, zinakuja na kutu, agonge na nyundo ndogo asikie.

Mengine kwa haraka. Mkanda wa taimingi kwenye hii gari unabadilishwa kila kilomita 100,000, kuna taa ya T-BELT ya kukumbusha lakini muuzaji anaweza kuwa ameirudisha sifuri au kachomoa balbu, kwaiyo kama hamna risiti weka mkanda mpya na tenshena yake, ukikatika valvu zinakutana na pistoni. Oili ya injini ni lita 7 hivi, ya dizeli, 15W-40 inafaa kwa joto letu, kila kilomita 5,000 na filta yake, na ikiwa nyeusi siku ya pili usishtuke dizeli ndo zilivyo. Oili ya difu zote mbili na ya transfa, lile boksi la gia dogo la 4WD, badilisha zote mara moja ili uanze kuhesabu upya. Filta ya dizeli ina koki ya chini ya kumwagia maji, imwagwe kila sevisi na taa yake ikiwaka usisubiri sevisi. Ukienda kuagiza spea toa namba ya chasisi kutoka kwenye kadi ya gari, duka zuri Kariakoo au hapa Dodoma linatafuta spea kwa hiyo namba, ukisema tu "Prado ya tisini na nane" utaletewa kitu hakiingii. Na hakikisha namba ya injini inafanana na ya kwenye kadi, hizi gari nyingi zimeshabadilishwa injini.

Haya, sasa turudi kwenye ulivyovitaka, maana najua ndo vinavyokufurahisha. Chukua inchi 4. Mbele gari yako haina ekseli nzima, kila mguu unajitegemea na driveshafti zake. Ukiinua sana zile driveshafti zinakaa kwa kuinama, raba zinachanika, jointi zinakufa, na mikono inafika mwisho wake wa chini kwaiyo mguu hauna pa kushukia, gari inakua ngumu na tairi inanyanyuka hewani kwenye shimo ambalo zamani ingelikanyaga. Inchi 4 sawasawa inataka kushusha difu na mabano ya kuchomelea, sio kazi ya anaeanza. Inchi 2 za springi nzuri na shokapu zinazoendana nazo zinatosha kwa yote uliyoyataja, na siku ukizifunga upeleke wili alaimenti siku hiyohiyo. Vile vikombe vya kusogeza springi vya bei rahisi, vipande vya chuma au plastiki vinavyowekwa juu ya springi iliyochoka, visikushawishi, springi iliyochoka inabaki imechoka.

Tairi za 33, yani 285/75R16. Yako ya kiwandani kama ni 265/70R16 kipenyo chake ni milimita 777 hivi, ile ni 834, zaidi ya asilimia 7. Maana yake gia zote zinakua ndefu, injini inavuta kwa shida, otomatiki inapata moto, moto unaenda kwenye rejeta, rejeta ikishindwa unaenda kwa hedi. Umeona tunarudi pale pale? Na uzito wa tairi unaning'inia kwenye boljointi ileile, breki zinachelewa kushika, tairi inasugua ukikata kona. Bampa la chuma nalo linakaa mbele kabisa, springi zinalala, na ukilipachika taa kubwa nne mbele ya grili unaziba upepo wa rejeta. Kila kitu kwenye ile orodha yako bili yake inatumwa kwenye rejeta au kwenye boljointi, ndo maana nimeanza na hivo viwili.

Ukitaka kuongeza kidogo weka 265/75R16, kipenyo 804 hivi, gari inapanda sentimita 1 na kitu, spidi ya dashibodi ikisema 80 wewe uko 83 hivi, hamna shida. Nunua za AT, yani za lami na vumbi, zenye nyuzi nyingi ubavuni maana miba ya migunga na mawe ya Kolo vinatoboa ubavu, sio uso. Soma tarehe, tarakimu nne za mwisho kwenye namba ya DOT ubavuni mwa tairi, 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019, tairi ya miaka mingi hata ikiwa na meno marefu raba yake imekauka. Na ziwe TANO zinazofanana. Prado yako inaendesha tairi zote nne muda wote, difu ya katikati inagawa nguvu, ukifunga tairi ya spea ndogo kuliko wenzake ile difu ya kati inazunguka bila kupumzika mpaka inalika.

Upepo wa tairi ndo ujuzi ambao utakusaidia kuliko kifaa chochote. Lamini fuata stika ya mlangoni, tairi zikiwa baridi. Njia ya vumbi yenye matuta matuta madogo yaliyofuatana shusha mpaka PSI 26 au 28, gari inatulia na shokapu hazichemki. Mchanga wa korongo 18, mara nyingine 16. Tairi inalala inakua ndefu, inapita juu badala ya kuchimba. Ukishusha hivo usizidi 40 kwa saa na usikate kona kwa hasira, tairi itatoka kwenye rimu. Ukirudi kwenye njia ngumu jaza tena, kwaiyo unahitaji kompresa ndogo inayobana moja kwa moja kwenye betri, zile za kuchomeka kwenye kiwashio cha sigara zinaunguza fyuzi, na geji ya upepo ya uhakika. Hivi viwili nunua mwezi huu.

Lile gia dogo pia ulijue. H ni ya kila siku. HL inafunga difu ya kati, weka KABLA hujaingia mchanga au tope, usisubiri ukwame, na usiitumie kwenye lami kavu itakaza mfumo mzima. LL ni ya mwendo wa taratibu kabisa, kupanda mawe na hasa kushuka, ukienda kuona michoro ya mapangoni Kolo njia nyingine ni mawe matupu, shuka na LL injini ikushikilie breki zipumzike. Mara moja kwa mwezi ukiwa kwenye udongo ingiza HL na LL utembee mita kadhaa, transfa isiyotumika inagoma siku unayoihitaji.

Snokeli, lile bomba la kuvutia hewa linalopanda pembeni ya kioo, sio kitu kibaya, ila watu wanaifunga wakidhani gari imekua boti. Kwako faida yake ni vumbi, inavuta hewa ya juu iliyo safi kidogo, basi. Kabla yake kagua boksi la filta ya hewa, chukua kitambaa cheupe upitishe ndani ya bomba BAADA ya filta, ukikuta vumbi basi vumbi linapita na linasaga turbo na silinda. Filta ikipulizwa ipulizwe kutoka ndani kwenda nje kwa upepo mdogo, na ikipulizwa mara nyingi inatobokatoboka, nunua mpya. Kinachonisikitisha ni kwamba watu wanalipia snokeli alafu difu haina hata mpira wa kupumulia. Juu ya ekseli ya nyuma kuna kipumulio kidogo, difu ikiwa ya moto ukaingia kwenye maji inapoa ghafla na inavuta maji kupitia sili. Fundi aweke hosi aipandishe mpaka karibu na mfuniko wa tangi, kazi ya nusu saa na hosi ya bei ndogo.

Na maji yenyewe, korongo likiwa linatembea USIVUKE. Sentimita 60 za maji yanayoenda zinabeba gari ya ukubwa wako, snokeli au bila snokeli, na makorongo yetu mvua inanyesha mbali huko juu, kwako jua linawaka, maji yanakuja. Simama, subiri, hapa kwetu huwa yanapungua haraka kama yalivyokuja. Shamba la Bahi nalo, ile mbuga nyeusi, yani udongo mweusi unaonata, ikiloa hamna tairi ya AT inayoiweza, tope linajaza meno yote tairi inakua laini kama chungu. Acha gari kwenye tuta, chukua boda au tembea. Nimevuta gari nyingi kutoka kwenye mbuga na karibu zote zilikua zinaweza kusubiri jua la siku mbili.

Vifaa vya kujikwamua anza na sepetu la nguvu, kompresa uliyonunua, mbao mbili imara za kuwekea jeki, na mkanda wa kuvutia wenye kuvutika na sheko mbili, vile vyuma vya kuunganishia mkanda kwenye gari, zilizoandikwa uwezo wake. Kitu kimoja naomba ukikariri na umwambie yeyote atakaekuja kukusaidia, HAMNA kuvuta gari iliyokwama kwa kile kibonge cha kukokotea trela. Kikikatika kinaruka kama risasi, kimeua watu nchi mbalimbali. Na vile vipete vyembamba vya chini vilivyofungwa wakati gari inasafirishwa melini navyo sio vya kuvutia. Kabla ya kuvuta chimba kwanza na ushushe upepo, mara nyingi inatoka yenyewe, alafu watu wote wakae mbali zaidi ya urefu wa mkanda. Winchi hauihitaji saivi.

Kerea sawa, ila weka vitu vyepesi, maturubai na magodoro. Dumu la lita 20 la maji ni kilo 20, la dizeli ni kilo 17 hivi, yakae ndani chini yamefungwa, juu yanafanya gari iyumbe kwenye mteremko.

Kwa milioni nne basi, mpangilio wangu ni huu. Wiki hii kipimo cha maji asubuhi na kuangalia mafuta ya gia, bure. Kisha boljointi na chochote kilicholegea mbele, usiende hata Chemba kabla ya hapo. Kisha rejeta, kulanti, thermostati, mfuniko, klachi ya feni na geji ya joto. Kisha mkanda wa taimingi na oili zote. Kompresa, geji ya upepo, sepetu, mkanda wa kuvutia. Hosi za vipumulio. Kitakachobaki usikitumie, kiweke, gari ya mkononi miezi mitatu ya kwanza inatoa yaliyofichwa. Tairi tano zifuate msimu ujao, springi za inchi 2 baada ya tairi, na kabla ya kuzinunua ujue mzigo unaobeba kila siku maana springi ngumu kwenye gari tupu inakuvunja mgongo. Bampa la chuma tuliongelee ukishaona unalihitaji kweli.

Ukishafanya kipimo cha asubuhi niandikie hosi lilikuaje, mapovu yaliisha au hayakuisha, na mafuta ya gia rangi gani, nikuambie kama unaendelea na mpango au tunaanza na hedi.